Mpira Unaotii Sumaku

Chemchem, Tabora
Baada ya alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Sada,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini yako naisikia kutoka hapa nilipokaa. Uko uani na mama yako, mnafunga sanduku na kulifungua tena, mnacheka. Hali yangu ni uchovu. Nimefunga karakana mapema, nikawaambia wateja wa viatu waje wiki ijayo, nikakaa juu ya tairi la lori kama mtu anayesubiri kuitwa barazani.

Mambo ya nguo, chakula na watu wa kukupokea Dar es Salaam mama yako ameshayamaliza. Ameyarudia mara tatu, na mara ya nne utayasikia kesho mchana kutwa mpaka stesheni. Mimi sina la kuongeza hapo. Ninalo moja tu, na nimeshindwa kulisema kwa mdomo. Juzi nilikufuata kisimani nikiwa nimedhamiria kabisa, nikaishia kukuuliza kama maji yanatosha. Ukaniangalia kama mgonjwa.

Utaikuta barua hii imefungwa pamoja na kipande cha raba ndani ya kitambaa cha kaniki, chini kabisa ya sanduku. Nimeandika juu yake usiifungue mpaka uione Dodoma asubuhi. Nakujua. Nakuomba tu.

Wiki mbili zilizopita, ile barua ya chuo ilipokuja, ulitusomea mimi na mama yako tukiwa tunakula. Kisha ukatusimulia jinsi walivyokuhoji. Walikuuliza kwa nini msichana anataka kusoma mambo ya mashine, nawe ukawajibu: "Kwa sababu baba yangu, fundi wa viatu, alitengeneza mpira unaotii sumaku." Ukasema wale wakubwa waliacha kalamu wakakusikiliza. Mama yako akapiga kigelegele mle mle ndani. Halafu ukaongeza, ukiwa unachovya tonge, "Isingekuwa yule Maganga mzembe aliyeharibu kazi ya baba, leo mashine zote za vijiji zingekaa juu ya raba zake."

Mimi nikaendelea kula. Mboga ilikuwa mlenda, na siku hiyo haukuteremka.

Sada, Maganga hakuharibu kitu.

Nianze ulipoanzia wewe, maana mwanzo wake ulikuwa mzuri na sitaki uupoteze. Ulikuwa na miaka minane. Mpira mbichi wa kuzibia matairi ulikuwa hauonekani mjini, na kile kidogo nilichopata nilikuwa nakichanganya na vitu ili kiongezeke: masizi, majivu, hata vumbi la mbao. Siku moja nikachanganya unga wa chuma uliodondoka chini ya tupa, nikauchemsha ndani ya kopo juu ya makaa, nikatoa kisigino cha kiatu. Kizito, kibaya. Nikakutupia uchezee. Wewe ulikuwa na sumaku ya spika ya redio iliyokufa, unatembea nayo kutwa ukiokota misumari yangu. Ukakiweka kisigino juu ya sumaku, ukakibonyeza kwa kidole gumba.

"Baba, kimekuwa kigumu."

Nikakwambia usinisumbue.

"Baba, nikitoa sumaku kinalegea. Njoo ubonyeze!"

Nikaja nikabonyeza. Nikabonyeza tena, na sumaku, bila sumaku. Tofauti haikuwa kubwa, ila kidole cha fundi hakidanganyiki. Siku ile sikula mchana. Tulikaa chini wawili tukibonyeza kile kisigino mpaka mama yako akadhani tumerogwa.

Baadaye niligundua kwamba ukiupika mpira huku sumaku iko chini ya kopo, ugumu unazidi. Nilikata kipande kwa wembe nikaona kwa nini: punje za chuma zilikuwa zimejipanga mistari, kutoka chini kwenda juu, kama wanafunzi asubuhi uwanjani. Sumaku ikija, zinashikana mikono. Ikiondoka, zinaachiana, na mpira unarudi kuwa mpira. Hayo ndiyo ninayoyajua. Zaidi ya hapo nakuachia wewe na walimu wako.

Sasa kile kijiji nje ya Usoke. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka mashambani mwao na kukaa pamoja, na wakapewa mashine ya kusaga, injini ya dizeli. Akina mama walioamka alfajiri maisha yao yote kutwanga wakaipokea kwa ngoma. Lakini injini ile ilikuwa na wazimu. Ikiwashwa, ikiwa bado haijafika mwendo wake, ilifika mahali ikaanza kucheza, ikaruka, ikapasua saruji waliyoijengea. Ikivuka hapo inatulia. Mkiijengea kwa ugumu, inapasua sakafu siku nzima. Mkiiwekea mpira laini, siku nzima ni nzuri, ila pale pa kuwasha inataka kutoka nje ya nyumba.

Aliyenipeleka huko ni Petro Maganga, mwendesha mashine wao, mtu wa hapo hapo. Ulikuwa unamwita baba mdogo kabla hujaanza kumwita mzembe. Tulikuwa watani. Babu yangu alikuja Tabora na misafara kutoka pwani, Mzaramo aliyechoka kutembea akaoa hapa. Babu yake Maganga alibeba mizigo njia ile ile, kwenda na kurudi. Utani wetu ulitoka kwenye mizigo hiyo. Alikuwa akija mjini anapitia hapa, anachukua kiatu chochote anachokipenda, anavaa, anaondoka, na siwezi kukasirika. Mimi nikienda kwake nachukua kuku. Wewe ulikuwa unacheka mpaka unaketi chini.

Nilitengeneza raba nne, moja kwa kila mguu wa injini. Unakumbuka tulivyochonga chuma kwa tupa wiki nzima mpaka malengelenge? Chini ya raba nikaweka kibao cha mninga chenye sumaku nne za spika. Kibao kilisukumwa ndani na kuvutwa nje kama droo. Ukitaka kuwasha, unasukuma: sumaku zinakaa chini ya raba, raba zinakaza, injini inapita pale pa wazimu bila kuruka. Ikishatulia unavuta: raba zinalegea, na nyumba nzima inanyamaza. Siku ya kwanza mwenyekiti wa kijiji aliweka bilauri ya maji juu ya dirisha, na maji hayakumwagika. Watu walinibeba. Mimi, mshona makubazi! Nilirudi Tabora siku ile naona nimekuwa mtu.

Nilikosea hapo, kabla ya kosa lenyewe. Niliipima kazi ikiwa mpya. Sikurudi kuiangalia ikiwa imechoka.

Mpira una tabia ambayo nilikuwa naijua tangu ujana, na bado nikaipuuza. Mara ya kwanza ukiubonyeza ni mgumu. Mara ya kumi umelegea kidogo. Ukishabonyezwa mara elfu, ule ugumu wa kwanza haurudi tena, hata ukiupumzisha. Kila anayevaa kandambili anajua hilo. Ongeza joto la injini. Ongeza dizeli inayodondoka na kuulainisha mpira. Na sumaku nazo, mwanangu, hazipendi joto wala kutikiswa. Zinachoka kimyakimya, rangi ile ile, uzito ule ule, wala huwezi kuona kwa macho.

Miezi kadhaa ikapita. Siku moja Maganga akaja mjini, akasimama mlangoni hapa, wateja wamejaa. Hakunisalimu. Akapaza sauti:

"Weye Mzaramo! Raba zako zimelegea kama mashavu ya bibi yako! Njoo uzitazame kabla hazijaniua, ukakosa mtu wa kukuzika!"

Watu wakacheka. Nikamjibu, "Kilicholegea ni mikono ya Mnyamwezi. Mliizoeza mizigo ya wenzenu, sasa kusukuma kibao tu inawashinda."

Watu wakacheka zaidi. Akavaa viatu vya mtu vilivyokuwa tayari, nikamwagizia kahawa, akanywa, akaondoka. Alipofika kona akageuka akasema tena, mara hii bila kelele, "Njoo lakini, fundi." Mimi nikapunga mkono.

Mama yako atakwambia kwamba mtani kazi yake ni kusema. Jambo ambalo ndugu analionea haya, mtani analitoa hadharani, na watu wanacheka, na mwenye kusemwa anajua ameambiwa. Ndivyo tulivyolelewa. Maneno yake niliyachukulia kuwa utani. Hivyo ndivyo nilivyojiambia miaka yote hii. Lakini leo naandika peke yangu na sina sababu ya kudanganya karatasi. Nilisikia. Maneno yalipita kwenye kicheko yakanichoma hapa kifuani, nikajua ni kweli, kwa sababu kisigino chetu cha kwanza, kile cha kwako, nilikuwa nimekibonyeza wiki ile ile juu ya sumaku na hakikukaza. Sikwenda. Nilikuwa naogopa kukuta kile nilichokuwa nakijua, na watu walikuwa bado wananiita fundi wa sumaku.

Baada ya mwezi mmoja na kitu wakaniletea habari. Maganga alikuwa amewasha mashine asubuhi, akina mama wamepanga madebe ya mahindi. Akasukuma kibao ndani kama nilivyomfundisha. Injini ilipofika pale pa wazimu, ikacheza. Mkanda ukaruka kutoka kwenye gurudumu ukampiga Kalunde, mama mmoja kijana aliyekuwa wa kwanza kwenye mstari, ana mtoto mgongoni. Mtoto alinusurika. Mkono wa kulia wa Kalunde ulivunjika kwenye kiwiko, ukaja kuunga vibaya. Haukunjuki tena.

Nilifika kijijini kabla ya mkutano ulioitishwa kwa ajali hiyo. Nikaomba niachwe peke yangu na mashine. Nikasukuma kibao ndani, nikabonyeza raba, kidole kikazama kana kwamba sumaku haipo. Nikachukua msumari nikaugusisha kwenye sumaku. Ukashika, halafu ukaanguka wenyewe. Nikajaribu ya pili, ya tatu, ya nne. Nikaokota msumari nikautia mfukoni, kisha nikafungua raba zote nne na sumaku zake nikazifunga kwenye gunia.

Mkutanoni Maganga alisema ukweli. Alisema, "Kibao nilisukuma. Na fundi nilimwambia raba zimelegea."

Mwenyekiti akamuuliza, "Ulimwambiaje?"

Maganga si mtu wa kubadilisha maneno. Akarudia vile vile alivyosema, mashavu ya bibi na yote. Mkutano mzima ukacheka, mbele ya watu wa Kalunde waliokaa pale wamejawa huzuni. Mwenyekiti akanigeukia. "Fundi, ni kweli alikwambia?"

Nikasema, "Alinitania, mwenyekiti. Huyu ni mtani wangu."

"Na raba zina kasoro?"

Hili nililolisema ndilo nimelala nalo miaka tisa. Nilisema, "Raba haina akili yake. Raba inaitii sumaku, na sumaku inasukumwa na mtu."

Sikusema kwamba Maganga hakusukuma kibao. Nilipanga maneno tu, kama zile punje, mpaka yakashikana yenyewe. Wakaelewa walivyoelewa. Siku zile neno hujuma lilikuwa karibu na midomo ya watu. Kuna mmoja alilitamka, na ingawa mwenyekiti alimkemea, lilikuwa limeshatoka. Maganga akanyang'anywa mashine, akapelekwa kuchochea moto kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Yuko huko mpaka leo, macho mekundu kwa moshi. Mashine wakaijengea saruji tena, na ikapasua saruji tena, na sasa imesimama. Akina mama wanatwanga.

Nami watu wa mjini wakanipa pole. Pole! Kwamba kazi yangu nzuri imeharibiwa na mzembe. Nikaipokea. Wewe mtoto ukaisikia hapa karakanani, ukaibeba, na wiki mbili zilizopita ukairudia tukiwa tunakula.

Kalunde nilimwona mara moja, sokoni. Alinunua makubazi kwangu bila kujua mimi ni nani, au alijua akanisitiri. Alinipa pesa kwa mkono wa kushoto akasema, "Uniwie radhi, baba, huu wa kulia hauwezi." Nikasema haina neno. Nikafungua kibanda changu kesho yake kama kawaida.

Na bibi yako alipofariki, unakumbuka? Maganga alikuja. Utani una sheria yake, msiba wa mtani huwezi kuukimbia. Wewe ulimnunia, ukampa maji bila kumwangalia. Mimi nilikuwa nasubiri afanye kama watani wanavyofanya: alale kwenye kaburi akatae lisifukiwe mpaka alipwe, avae khanga za marehemu, aniambie na mimi nijiandae. Ningetoa kila nilichonacho nisikie tusi moja. Alichimba kaburi kimya, tangu mwanzo mpaka mwisho. Alipomaliza akafuta mikono, akanijia, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, fundi."

Miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kuniamkia. Mtani hamwamkii mtani wake. Nikaitikia marahaba, na nilipoitikia nikajua nimefukia wawili siku ile.

Sasa unaona kwa nini sikuweza kukwambia kisimani.

Sijui kama utanisamehe, na sikuandikii ili unisamehe. Nakuandikia kwa sababu unakwenda kujenga kazi yako juu ya kisa changu, na kisa hicho kina ufa. Sikuweza kukuacha usimame juu yake mpaka siku moja mtu akuonyeshe ufa huo mbele za watu. Mpira wetu ni wa kweli. Ulichokibonyeza ukiwa na miaka minane kilikuwa kweli, usimruhusu mtu akwambie vingine, hata mimi. Uongo uliingia baadaye, na uliingia kwa mdomo wangu.

Raba uliyofungiwa humu ni moja kati ya zile nne. Huko chuoni nasikia kuna mashine za kubana vitu na kusoma nguvu yake. Ibane. Ibane ikiwa baridi, ibane ikiwa moto, weka sumaku nzima uone kama yenyewe bado inasikia au imekufa kabisa. Mimi nilikisia kwa kidole. Ningependa mtu mmoja katika ukoo huu ajue kwa hakika ni nini kilichoka kwanza, mpira au sumaku. Yaliyomo ndani ni chuma na mpira, na pembeni utaona kutu. Maji yaliingia ikiwa ndani ya gunia. Hata kuitunza sikuitunza.

Tatu zilizobaki ninazo mimi. Kesho jioni tutakusindikiza stesheni, mama yako atalia, na mimi nitakuhimiza upande haraka kana kwamba nina shughuli. Usinione nina roho ngumu. Treni yako ikishaondoka kwenda mashariki, nitakata tiketi ya treni ya Kigoma ya asubuhi. Kwa hiyo ukisoma hapa, kama umenitii ukasubiri Dodoma, mimi niko njiani kwenda Usoke na gunia miguuni. Mama yako nimemwambia jana. Alinikalisha, akaninyoa nywele.

Nitakwenda kwanza kwa mwenyekiti nimwombe aitishe mkutano, maana nilisema mkutanoni na nitakanusha mkutanoni. Nitawaonyesha raba, nitawaonyesha sumaku na ule msumari. Nitamwangalia Kalunde. Watakalonifanya wana haki nalo. Huenda nikirudi nikawa sina jina hapa mjini, na wewe ukaulizwa habari zangu likizo. Sema ukweli, usiutengeneze.

Lakini kabla ya yote hayo nitapitia mabanini. Nimekuwa nikifikiri miaka tisa nzima nitasema nini nikifika mlangoni kwake, na nimeamua sitasema kitu, nitamwachia yeye aanze. Kama atanitukana, mimi na bibi yangu na pwani yote, nitaketi hapo hapo kwenye majivu nikuandikie tusi lenyewe neno kwa neno, ucheke kama zamani. Kama ataniamkia shikamoo, sitaitikia. Nitasimama pale na gunia langu mpaka anitukane.

Baba yako,
anayekupenda kuliko anavyoweza kusema, na amechoka kunyamaza.